Ngozi ya usukani wa mkia wa ndege inapiga PONK na ukingo wa nyuma una wimbi, mafundi bati nisaidieni

#1 Mtoto_wa_Saateni
Asalaam aleikum wanajukwaa. Wale mnaokumbuka, nishawahi kusema humu nnajenga ndege ya viti 2 ya kujiundia kwa plani, mukanicheka mukasema ntatua Darajani juu ya mafungu ya ndizi. Sawa. Kazi inaendelea uani kwa bi mkubwa na nimeanza na usukani wa mkia kwa sababu ndo kipande kidogo, hata ukikiharibu hasara yake inabebeka. Bati ni aloi ya alumini 6061-T6 (hiyo T6 maana yake imekazwa kwa moto), unene 0.4 mm. Ngozi yenyewe ni bati moja tu limekunjwa nyuma ukatoka ukingo mwembamba, afu mbavu na mhimili vinaingia ndani, unatoboa, unatia klipu za kushikilia, ndo unapiga popriveti (riveti za kuvuta msumari wake kutoka upande mmoja).

Tatizo lenyewe sasa. Kwenye klipu mambo yalikuwa shwari. Nilipomaliza kupiga riveti upande wa kulia, baina ya ubavu wa 2 na wa 3 bati linabonyea na kurudi kama kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, ukilisukuma kwa kidole PONK, ukiachia PONK. Na ukingo wa nyuma nikiegesha rula ndefu ya chuma naona mwanga pahala pawili, haujanyooka, una wimbi. Upande wa kushoto bado sijaupiga, ngozi nnaweza kuifunua. Suali: hii inatoka wapi? Na hizo riveti nizichimbue au niache ivo ivo?

#2 Pweza_Mkavu
Suali langu miye ni moja, bi mkubwa anajua kinachojengwa uani kwake au kaambiwa ni banda la kuku?

#3 FundiBati_Kwerekwe
Waalaikum salaam mwanangu. Ndege sijawahi kuigusa lakini bati nnalijua, nimekata mabirika na mifereji ya paa hapa Mwanakwerekwe tangu wengi wenu humu hamjaanza skuli. Bati linalopiga kelele ni bati lililotanuka. Pale katikati pamekuwa pakubwa kuliko fremu inayolishika, sasa halina pa kukaa, ama litokeze nje ama lizame ndani. Lilitanuka vipi ndo uniambie weye. Ulilinunua limelazwa au lilikuja limeviringishwa? Ulilikunja kwa mashine au kwa mbao? Na nyundo ya chuma ilipita humo?

#4 Mtoto_wa_Saateni
Shikamoo mzee. Lilikuja limeviringishwa ndani ya boksi, likavuka na boti kutoka Dar, na likakaa ivo muda mrefu tu. Nyundo ya chuma haijapita, nnatumia ya mbao na ya plastiki. Ukingo wa nyuma nimeukunja kwa mbao mbili za mvule nimeziunga kwa bawaba, bati linakaa baina yake nakandamiza kidogo kidogo, ndani nimeweka ufito wa duara lisije likajifunga kabisa likavunjika.
@Pweza_Mkavu bi mkubwa ndo anayenishikia tochi, shughulika na yako.

#5 Kipanga_Kisauni
Mzee wa bati yupo sawa nusu. Miye nimefanya kazi hanga (karakana ya ndege), na riveti nimepiga mpaka mkono umeota sugu. Kwenye bati la 0.4 mm mpangilio wa kupiga ndo kila kitu. Kila riveti ukiibana inasukuma bati kidogo sana, sasa ukianza ncha hii ukaja, ukaenda ncha ile ukaja, ule ulegevu wote unaukusanya kati, na ukifika kati hauna pa kutokea. Unatakiwa uanze katikati utoke nje, riveti moja kulia moja kushoto, na klipu ziwe kwenye tundu nyingi iwezekanavyo, usiruke. Niambie ulianzia wapi na ntakwambia ponk yako iko wapi.

#6 Mtoto_wa_Saateni
Nilianza juu nikashuka mpaka chini, mstari mmoja kwa mmoja. Lakini mbona ubavu wa 4 na wa 5 nimepiga vile vile na pametulia?

#7 Kipanga_Kisauni
Bahati.

#8 injinia_mbweni
Si bahati, ni mbavu. Kabla ya kulaumu riveti angalieni kinachobeba ngozi. Ubavu unakatwa bapa, unabanwa kwenye jiriwa baina ya vibao viwili vigumu vilivyochongwa umbo lake, afu mdomo unaulaza kwa nyundo ya mbao. Sasa mdomo ukiulaza kwenye mzingo unaotokeza nje, ule ukingo wake unatakiwa uwe mfupi kuliko ulivyokuwa bapa, na chuma hakina pa kupeleka hiyo ziada. Matokeo yake ubavu wote unapinda upande, ukiulaza mezani ncha zinanyanyuka. Dawa yake ni kufinya, unachukua koleo la kufinyia unatia vifinyo vidogo baina ya tundu na tundu za riveti, kila kifinyo kinakula ziada kidogo, unaendelea mpaka ubavu umelala. Ukizidisha unapinda upande wa pili, tena unarudi nyuma.

Ubavu wa 2 au wa 3 wako ukiwa umepinda hata milimita moja, klipu zitaulazimisha unyooke kwa muda na utaona pazuri, lakini unasukumana na ngozi. Riveti zikishaingia ndo unaonesha rangi yake. Kipimo: chora mstari katikati ya mdomo wa ubavu kwa kalamu ya felti, ingiza ndani, chungulia kwenye tundu za ngozi. Mstari ukionekana katikati ya kila tundu sawa, ukihama huo ndo mgonjwa.

#9 Mtoto_wa_Saateni
Mstari niliuchora injinia, na mbavu zote nilizilaza juu ya meza ya kioo kabla sijaziingiza. Wa 3 ulikuwa unacheza kidogo, nikaufinya tena ukatulia.

#10 injinia_mbweni
"Ukatulia" kwa macho au kwa kipimo? Pitisha karatasi chini yake.

#11 Tumbatu_Original
jamani mie nnasoma tu lakini nauliza kwa nini mnajitesa na hayo mabati ya elfu moja mia tisa na ngapi sijui wakati kuna bati la msauzi pale kwenye maduka linakuja na rangi yake kabisa haliingii kutu miaka na miaka nyumba yangu nimeezeka hilo na mvua za masika zote zimepita, na ukisema ni zito si kuna yale ya alumini tupu, halafu hilo la ndege nasikia limepakwa zinki ndo maana ghali

#12 injinia_mbweni
@Tumbatu_Original ndugu yangu hapo umechanganya vitu vitatu. Bati nyingi za paa siku hizi ni chuma kilichopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, kwa hiyo ni nzito na si alumini. Zile za alumini kweli aghalabu ni za kundi la 3000, laini, zinazokunjika vizuri lakini nguvu yake ni karibu nusu ya 6061-T6. Na bati la ndege halipakwi zinki. Lile la aloi ya 2024, linalotumika sana kwenye ndege, linavishwa tabaka jembamba la alumini safi kila upande, kwa bati nyembamba ni kiasi cha asilimia 5 ya unene kila upande, kwa sababu 2024 yenyewe ina shaba ndani na chumvi inaila haraka. Hili la 6061 alilonalo Saateni halivishwi kitu, linajimudu zaidi mbele ya chumvi.

#13 Tumbatu_Original
haya ahsante, nyumba yangu haina haja ya kuruka

#14 Bint_Wete
Salaam. Mmesahau jua. Alumini ya urefu wa mita 1 ikipanda joto digrii 1 inarefuka kiasi cha 0.023 mm. Uani Saateni saa 6 mchana ngozi iliyo juani na mifupa iliyo ndani kivulini zinaweza kuachana digrii 20 kwa urahisi, hapo ni karibu nusu milimita kwa kila mita, na nusu milimita ya ziada kwenye bati la 0.4 inatosha kabisa kutoa tumbo. Kaka Saateni, ulipiga riveti saa ngapi, na hiyo PONK uliisikia saa ngapi?

#15 Kipanga_Kisauni
Mwalimu kwa heshima zote, hesabu sawa lakini imeelekea upande wa pili. Ngozi ikiwa ya moto wakati wa kupiga na mifupa baridi, usiku ngozi inapopoa inasinyaa inakaza, inakuwa ngoma. Haiwi legevu. Wapo wajenzi wanaopasha ngozi joto kusudi kabla ya kupiga ili ikaze ikipoa.

#16 Bint_Wete
Ndo maana nimeuliza saa, sijahukumu. Kama kapiga asubuhi kivulini kila kitu baridi, afu mchana kaitoa juani kuitazama, ngozi inarefuka kabla ya mifupa na inalegea. Soma suali kwanza, halafu uruke.

#17 Pweza_Mkavu
Kipanga kapigwa na skuli ya Wete mchana kweupe 😂

#18 Mtoto_wa_Saateni
Mwalimu nilipiga baada ya alasiri chini ya turubai, PONK nikaisikia siku ya pili mchana nilipoitoa nje. Leo nimeamka alfajiri makusudi nikaibonyeza kabla jua halijatoka. Ipo, lakini nyepesi, lazima uisukume kwa dole gumba. Saa 7 mchana ilikuwa inapiga yenyewe hata upepo ukiigusa.

#19 Bint_Wete
Basi jua lina mkono wake.

#20 Kipanga_Kisauni
Jua linakuonesha ulegevu uliokuwepo. Kama ni jua peke yake alfajiri ingenyamaza. Riveti.

#21 injinia_mbweni
Mbavu.

#22 Mpemba_Ughaibuni
Salaam kutoka Uingereza kwenye baridi. Huku kujijengea ndege ni jambo la kawaida, chama chao LAA kina wakaguzi wanapita hatua kwa hatua, na miye wikiendi nnakwenda kumshikia jamaa mmoja anayejenga RV, ndege ya kujiundia ya kampuni ya Van's. Ngozi ya eleveta zake (usukani wa mkia wa kupandisha na kushusha pua) ni inchi 0.016, ndo hiyo hiyo 0.4 yenu, ila bati lake ni 2024-T3. Nimeona kitu humu hakuna aliyekigusa mpaka sasa, mkunjo wa nyuma wenyewe.

Saateni fanya hivi. Chukua rula fupi uiegeshe juu ya ngozi kutoka kwenye mhimili kwenda nyuma kuelekea ukingoni, si kwa urefu wa ukingo, kwa kuukata. Ngozi inatakiwa iwe bapa kabisa mpaka inapokaribia mkunjo, hapo ndo izunguke ghafla. Ukiona mbele kidogo ya mkunjo pamevimba, basi mkunjo haujafungwa vya kutosha, bati lilitaka kubaki wazi na weye umelishika kwa nguvu kwenye mhimili. Ile nguvu lazima itokee pahala, nayo inatokea kati ya mbavu. Na wimbi la ukingo linatokana na kitu hicho hicho, mbao mbili za bawaba zikiwa ndefu zinabana sana nchani na katikati zinalegea, kwa hiyo mkunjo wako katikati uko wazi kuliko mwisho. Halafu hii 6061-T6 inarudi nyuma ukiiachia, lazima upitilize kidogo.

Faida nyengine ya kuupata mkunjo sawa, ukingo uliovimba unabadilisha hata uzito wa usukani mkononi. Kwenye eleroni za RV (vibawa vya nyuma ya bawa vya kulaza ndege kulia na kushoto) ndege ikiwa inalalia upande mmoja wanaubana kidogo tu ukingo wa nyuma wa eleroni ya upande wa pili kwa kipande cha mbao, wanaruka, wanajaribu tena. Milimita inasikika kule juu.

#23 Mtoto_wa_Saateni
Dah. Nimetoka mbio na rula sasa hivi. Pamevimba, kidole kimoja mbele ya mkunjo, na zaidi hapo hapo baina ya wa 2 na wa 3!!

#24 Kipanga_Kisauni
Na ukienda baina ya wa 4 na wa 5?

#25 Mtoto_wa_Saateni
Pamevimba pia lakini kidogo. Na hapo hakuna ponk.

#26 Kipanga_Kisauni
Ahaa. Kwa hiyo uvimbe upo kwote na ponk ipo pahala pamoja tu. Mpemba karibu kwenye kundi la walioshindwa.

#27 Spray_Magomeni
Mnapoteza muda wallah. Mie nnapaka rangi magari. Hilo wimbi lete kwangu, napiga filla safu nyembamba, nalisugua kwa msasa wa maji na kibao kirefu, praima, rangi mbili, kilia. Hata mkaguzi akipitisha mkono hatajua. Gari zimekuja zimekunjamana zimeondoka kioo.

#28 Kipanga_Kisauni
Usimsikilize huyu!!! Samahani kaka Spray najua kazi yako safi lakini usukani wa ndege si bampa. Usukani unaning'inia kwenye bawaba zilizo mbele yake, kila gramu unayoiweka nyuma ya bawaba inauvuta mkia wake chini. Filla yote inakwenda nyuma, na nyuma kabisa ndo inauma zaidi kwa sababu ya umbali. Usukani ukishakuwa mzito nyuma, ndege ikifika mwendo fulani unaanza kupapatika wenyewe, kulia kushoto kulia kushoto, kwa kasi ambayo mkono wako hauwezi kuushika, na ndani ya sekunde chache unaweza kung'oka na mkia. Ndo maana zipo ndege eleveta na eleroni zake zinatiwa risasi mbele ya bawaba kusawazisha, na ukipaka rangi upya unatakiwa uzipime mizani tena. Rangi tu! Sembuse filla.

#29 Kojani_Kwetu
Risasi ya kusawazisha mie nnayo, chubwi za mshipi kilo ngapi unataka 😄

#30 Spray_Magomeni
Basi rangi nyembamba, safu moja. Nimejifunza, sikujua kama filla inaua.

#31 FundiBati_Kwerekwe
Nimesoma yote. Naona kila mmoja anavutia kwake. Mwanangu Saateni, bati lako linagoma kukunjika kwa sababu limekaza. Sisi alumini iliyokaza tunaipaka sabuni ya mche, sabuni kavu unaisugua tu, halafu unaipitishia moto wa gesi pole pole kutokea upande usio na sabuni. Sabuni ikigeuka nyeusi unatoa moto. Alumini haina tabia ya chuma ya kuwa nyekundu ukajua imeiva, yenyewe inakaa kimya mpaka inamwagika, sabuni ndo inayokwambia. Ikipoa inakunjika hata kwa mkono, mkunjo mkali unaoutaka, na hairudi nyuma. Nimefinyanga midomo ya mabirika namna hiyo maisha yangu yote.

#32 injinia_mbweni
Mzee shikamoo, na hiyo elimu ya sabuni ni ya kweli kabisa, hata mafundi wa zamani wa ndege wanaijua. Lakini hapa itamuua kijana. 6061 ikiwa T6 inaanza kukubali kupinda moja kwa moja kwenye megapaskali (kipimo cha mkazo) 276 hivi. Ukiipitishia moto wa sabuni ukailainisha yote inashuka kwenye 55. Mara 5. Birika halijali, kwanza ukiligonga gonga linakaza tena kidogo. Lakini hii haipati ugumu wake wa T6 kwa kugongwa, lazima uirudishe kwenye tanuri la zaidi ya digrii 500, uitumbukize majini, halafu uioke tena kwa masaa kwenye digrii mia na sitini sabini. Bati la urefu huo likitoka hapo limejikunja hulitambui.

#33 FundiBati_Kwerekwe
Marahaba. Basi birika ni birika.

#34 Bint_Wete
Hapo pa kuoka pana kisa kizuri. Huo ugumu wa aloi za alumini uligunduliwa kwa kusubiri tu. Mwaka 1906 Alfred Wilm, yule Mfaransa, alipasha aloi yenye shaba akaipoza ghafla, akaipima, akaiwacha siku kadhaa, alipoirudia kaikuta imekuwa ngumu zaidi na hakuna aliyeigusa. Ndo ikazaliwa duralumini.

#35 Mpemba_Ughaibuni
Mwalimu, Wilm alikuwa Mjerumani. Duralumini jina lake limetokana na mji wa Düren kilipokuwa kiwanda. Mengine yote sawa.

#36 Bint_Wete
Mjerumani, kweli. Ahsante.

#37 Kipanga_Kisauni
Na ndo sababu kuna riveti zinawekwa kwenye friji. Zile za kugonga za 2024 zinapashwa, zinatumbukizwa majini, zinakuwa laini kwa muda. Ukiziacha nje zinajikaza zenyewe huzigongi tena bila kupasuka. Zikiwa ndani ya barafu zinachelewa. Ukizitoa una dakika 10 mpaka 20 basi.

#38 Pweza_Mkavu
Friji? Zanzibar hii hii? Ule umeme uliopotea Disemba 2009 mpaka Machi 2010 ndege ingejengwa na riveti za mawe.

#39 Kojani_Kwetu
Wakati ule hata samaki tulikuwa tunawabembeleza wasioze. Riveti ingekuwa ya mwisho kupata barafu.

#40 Tumbatu_Original
mie wakati ule ndo nilinunua jenereta nikauza juisi baridi nikaolea hapo hapo kwa hiyo kila mtu na kumbukumbu zake

#41 Kizimkazi_Pomboo
Turudi kwenye mada. Hakuna aliyemuuliza Saateni kachora mikunjo yake kwa kitu gani. Kama kachora kwa penseli aitoe yote kabla hajafunga. Penseli ni grafiti, na grafiti juu ya alumini ikipata unyevu wa chumvi alumini ndo inayoliwa, mstari wako wa kukunjia unakuwa mstari wa kuoza. Na ukichora kwa msumari ndo mbaya zaidi, ule mkwaruzo kwenye mkunjo ndipo ufa unapoanzia. Miye nakaa mita chache na bahari, nimeona madirisha ya alumini yanavyochimbika kwenye skrubu za chuma. Popriveti za duka la kawaida msumari wake wa ndani ni chuma na kipande kinabaki humo humo. Kinashika kutu, kinavimba.

#42 Mtoto_wa_Saateni
Felti tupu, sina penseli uani. Riveti zimekuja pamoja na oda ya bati, si za dukani. Tundu zote na kingo nimesugua kwa msasa mpaka hazikwaruzi kucha.

#43 Kizimkazi_Pomboo
Safi. Na ndani tia praima kabla ya kufunga. Hapa petu hewa yenyewe ina chumvi.

#44 Abiria_wa_Chake
Habarini. Mie si fundi ila nimekaa sana uwanjani nnasubiri ndege za Pemba na macho hayana pazia. Cessna 172 mkiitazama, eleroni zake na flapu bati lake lina migongo, na eleveta pia, si bapa. Nikadhani mapambo. Au ndo dawa ya ponk?

#45 Kipanga_Kisauni
Abiria umeona mbali kuliko mafundi wote humu mimi mwenyewe nikiwemo. Ndo kazi yake. Bati jembamba ukilitia migongo linakuwa gumu bila kuongeza mbavu ndani, na halina nafasi ya kubonyea. Junkers F 13 ya mwaka 1919 ilivaa bati la migongo mwili mzima, na Ju 52 baada yake. Gharama yake ni upepo, inakokota, ndo maana kwenye mwili watu wakaacha, lakini kwenye usukani ikabaki.

#46 Pweza_Mkavu
Kwa hiyo Tumbatu na bati lake la paa alikuwa sawa tangu mwanzo???

#47 Tumbatu_Original
nilisema

#48 injinia_mbweni
Hakusema hivyo hata kidogo. Ila Saateni kwa kuwa upande wa kushoto bado uko wazi, unaweza kukata kipande chembamba cha alumini hiyo hiyo cha umbo la L ukakipiga kwa ndani kati ya ubavu wa 2 na wa 3, gramu chache tu, ponk inakwisha bila kugusa mkunjo.

#49 Mpemba_Ughaibuni
RV ndo zinavyofanya, eleveta ndani ina vipande vya L badala ya mbavu nyingi. Na pale kipande kinapoishia karibu na mkunjo wanadondosha tone la silikoni inayoshika ngozi mbili pamoja, kwa sababu bila hiyo ngozi inatetemeka pale na baada ya masaa mengi ya kuruka inapasuka ufa mwishoni mwa kipande. Usisahau hilo ukitia L, la sivyo umeondoa kelele umeleta ufa.

#50 Kipanga_Kisauni
Na kabla ya kutia chochote kisichomo kwenye plani mwandikie aliyeichora. Hio L iko nyuma ya bawaba, ni uzito nyuma, tushasema. Tena mambo ya kuruka hapa Tanzania, bara na visiwani, ni ya TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), na weka picha za kila hatua, kwa sababu ukishaifunga ngozi hakuna atakayeona ndani.

#51 injinia_mbweni
Gramu 10 mita ngapi kutoka bawabani Kipanga? Usimtishe mtoto wa watu.

#52 Kipanga_Kisauni
Gramu 10 leo, gramu 10 kesho, rangi ya Spray keshokutwa.

#53 Spray_Magomeni
Nimeshanyamaza jamani.

#54 FundiBati_Kwerekwe
Mwanangu, kabla hujatia wala kutoa, pima kama haijajisokota. Isimamishe, tundika timazi mbele yake, jicho moja ulifumbe, utazame ukingo wa nyuma na uzi. Bati lililosokotwa linatoa ulegevu upande mmoja na kukaza wa pili, na hapo hata ukiondoa riveti zote litarudi vile vile.

#55 Mtoto_wa_Saateni
Nimefanya mzee, nimeifunga kwa klipu upande wa kushoto kwanza ndo nikapima. Ukingo umekimbia kidogo kwa juu kuelekea kulia, ukubwa wa uzi wenyewe hivi. Sasa sijui ni kusokotwa au ni lile wimbi.

#56 injinia_mbweni
Ubavu wa 3 umepinda, nimesema tangu #8.

#57 Mpemba_Ughaibuni
Au mkunjo ulikwenda pembe. Mbao zako zilianza kubana upande upi?

#58 Bint_Wete
Na ulipima saa ngapi? Upande mmoja ukiwa juani na mwengine kivulini usukani mzima unapinda kidogo, na timazi haijui hilo.

#59 Mtoto_wa_Saateni
Saa 4 asubuhi mwalimu 🙈 jua lilikuwa upande wa kulia. Ntapima tena usiku kwa taa.
Nimeamua hivi, riveti za ubavu wa 2 na wa 3 kulia nazichimbua, nafunua, naupitisha ubavu wa 3 juu ya kioo na karatasi kama injinia alivyosema, mkunjo naubana tena kwa vipande vifupi vya mbao katikati, narudisha klipu, napiga kutoka kati kwenda nje. Yote pamoja, mkae mkibishana nani alikuwa sawa.

#60 Kipanga_Kisauni
Ukichimbua, kwanza sukuma ule msumari wa chuma ndani kwa kitindo chembamba, ndo utie drili, na drili iwe nyembamba kidogo kuliko riveti. Ukianza na drili juu ya chuma inateleza inakula alumini pembeni, tundu linakuwa yai, hapo itakubidi uongeze saizi ya riveti.

#61 Mtoto_wa_Saateni
Ahsante sana kaka. Na wengine wote.

#62 Kojani_Kwetu
Hizo klipu za kushikilia bati unazipata wapi? Nna mashua ya fiba nataka kufunga bati la alumini kwenye kingo na mikono yangu miwili haitoshi.

#63 Mtoto_wa_Saateni
Zilikuja na oda. Nna za milimita 3.2 za ziada, nikimaliza huu usukani ntakuazima, lakini uzirudishe zote, nazihesabu.